Fimbo ya Mbali na Hesabu ya Saa

Wazee wetu walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo ina hekima kubwa, na kwa karne nyingi ilikuwa kweli tupu, kwa maana mtu aliyekuwa mbali hakuweza kudhuru wala kusaidia mpaka miguu yake au mtumbwi wake umfikishe. Lakini tangu binadamu alipojifunza kuruka angani, methali hiyo imebaki kweli kwa upande mmoja tu. Bado ni kweli kwa yule anayengojea msaada ulio mbali. Si kweli tena kwa yule anayedhani kwamba hatari iliyo mbali haiwezi kumfikia kabla hajamaliza zamu yake.

Kwa sababu hiyo tunapenda leo kuzungumza na askari wa jeshi na wa polisi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni umbali uliopo baina ya miji miwili na saa ambazo ndege huzitumia kuumaliza. Mtu akiulizwa mji fulani uko wapi, aghalabu hujibu kwamba uko mbali sana, na hapo huona amekwisha kujibu. Kwa msafiri wa kawaida jibu hilo huenda likatosha. Kwa mtu aliyekabidhiwa bunduki na lindo, au aliyekabidhiwa jalada la kesi, halitoshi hata kidogo. Neno "mbali" si kipimo. Kipimo cha askari ni saa.

Tuchukue mfano ambao nchi ya Uganda iliulipia kwa damu, yaani umbali baina ya Tel Aviv na Entebbe. Hesabu yake ni nyepesi, na askari yeyote aweza kuifanya kwa penseli juu ya kipande cha karatasi. Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Tel Aviv iko digrii 32 kaskazini ya mstari huo, na miji yote miwili iko karibu katika mstari mmoja unaotoka kaskazini kwenda kusini. Kila digrii moja ya kwenda kaskazini au kusini ni sawa na kilomita 111 hivi. Basi 32 mara 111 ni kilomita 3,552. Huo ndio umbali wa njia iliyonyooka.

Sasa tuugawe umbali huo kwa mwendo wa ndege. Ndege ya abiria ya jeti, iendayo kilomita 850 kwa saa, itaumaliza kwa saa 4 na dakika 11. Tukiongeza muda wa kupaa, wa kutua na wa kupinda hapa na pale, tuseme karibu saa 5. Ndege kubwa ya uchukuzi yenye mapanga manne, iendayo kilomita 540 kwa saa, itahitaji saa 6 na dakika 35. Hesabu imekwisha. Kile tulichokiita "mbali sana" kimegeuka kuwa muda ambao mlinzi mmoja huutumia katika zamu moja ya usiku.

Tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 27 Juni 1976, ndege ya shirika la Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris kwa kupitia Athens ilitekwa na watu wanne wenye silaha. Ilipelekwa kwanza Benghazi, nchini Libya, ikajazwa mafuta, kisha ikaletwa Entebbe, ambako iliwasili tarehe 28 Juni. Serikali ya Idi Amin iliyotawala wakati huo iliwapokea watekaji, na mateka wakawekwa katika jengo la zamani la uwanja wa ndege. Baadhi yao waliachiliwa katika siku zilizofuata; zaidi ya mia moja wakabaki.

Usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Julai, yapata saa sita za usiku, ndege nne za uchukuzi za Israel aina ya C-130 Hercules zilitua Entebbe. Alasiri ya siku ile ile zilikuwa zimepaa kutoka Sharm el-Sheikh, katika ncha ya kusini ya Sinai, mahali ambapo wakati ule palikuwa mikononi mwa Israel. Hazikufuata njia iliyonyooka. Ziliambaa juu ya Bahari ya Shamu, zikiruka chini sana ili rada za nchi za pwani zisizione, ndipo zikageuka kuelekea Ziwa Victoria. Kwa kuzunguka hivyo, safari yote ikawa ya kilomita 4,000 hivi. Zigawe kilomita hizo kwa mwendo wa 540 nawe utapata saa 7 na dakika 24. Hesabu ya penseli na tukio lenyewe vinalingana.

Katika muda usiofika saa mbili kazi ilikuwa imekwisha. Mateka 102 walichukuliwa wakiwa hai. Watekaji waliokuwa wakiwalinda waliuawa, mateka watatu walipoteza maisha katika mapambano yale, na kiongozi wa kikosi cha uvamizi, Yonatan Netanyahu, aliuawa pia. Askari wa Uganda waliokufa usiku ule walikuwa makumi. Hao ndio tunaotaka wasomaji wetu wawafikirie. Hawakuteka ndege, wala hawakuulizwa kama watekaji wapokewe au wafukuzwe. Waliwekwa lindoni, na waliowaweka lindoni waliutegemea umbali kana kwamba nao ni askari wa zamu.

Hapana budi tuseme wazi mahali kosa lilipokuwa. Mtu aliyechukua jukumu la kuwafungia raia wa nchi nyingine katika jengo la uwanja wa ndege alipaswa, siku ile ile ya kwanza, kujiuliza ni saa ngapi zinatosha kwa nchi hiyo kufika pale. Kama hesabu hiyo ingalifanywa, ingalionekana kwamba ndege iliyopaa wakati watu wanakunywa chai ya alasiri yaweza kutua Entebbe kabla zamu ya usiku haijabadilishwa. Na kama jambo hilo lingalijulikana, ama watu wale wangaliachiliwa upesi, ama askari wasingaliachwa wakilinda kwa mazoea. Umbali haupigi doria wala haupigi king'ora. Umbali si mlinzi.

Hata hivyo, asije msomaji akadhani kwamba somo letu limekomea hapo, kwani methali ya fimbo ina upande wake wa pili. Tukio lile lile la Entebbe linaonyesha kwamba saa za kuruka ni sehemu ndogo tu ya safari. Tangu mateka walipofikishwa Entebbe hadi ndege zilipotua, zilipita siku sita kasoro kidogo, na katika siku hizo safari ya angani ilichukua saa saba na ushei. Muda uliobaki ulitumika kukusanya habari, kuchora mpango, kufanya mazoezi na kutafuta njia. Tena ndege zile hazikuwa na mafuta ya kutosha kuzirudisha kwao moja kwa moja. Zilibidi kutua Nairobi kujaza. Maana yake ni kwamba hata aliyeruka kwa siri alilazimika kutegemea uwanja wa jirani. Rubani ahesabuye kwenda bila kuhesabu kurudi hana tofauti na mvuvi aendaye kilindini na kasia moja.

Askari wetu wanazijua saa hizo zilizofichika. Tangu Machi 2007, wakati askari wa Uganda walipoanza kuwasili Mogadishu katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika, vijana wengi wa nchi hii wameipima njia hiyo kwa maisha yao. Kutoka Entebbe hadi Mogadishu ni kilomita 1,450 hivi kwa njia iliyonyooka. Jeti huzimaliza kwa muda wa saa mbili hivi, na ndege ya mapanga kwa karibu saa tatu. Lakini majeruhi aliyelala katika kituo cha mbali hahesabiwi saa tatu. Kwanza lazima habari zake zifike makao makuu. Kisha atolewe kituoni hadi uwanjani, kwa barabara ambayo huenda imetegwa mabomu, au kwa helikopta kama ipo na hali ya hewa inaruhusu. Kisha ndege ipatikane, ijazwe mafuta, ipewe ruhusa ya kupita katika anga ya nchi nyingine. Ofisa anayeandika katika mpango wake kwamba msaada uko umbali wa saa tatu, kwa sababu ndege huruka saa tatu, anamdanganya majeruhi, na anajidanganya yeye mwenyewe.

Kwa hiyo kila hesabu ya safari yapasa iwe na mafungu manne: muda wa kujitayarisha, muda wa kufika kwenye ndege, muda wa kuruka, na muda wa kutoka uwanjani hadi mahali hasa panapohitajiwa. Mtu akitaja fungu la tatu peke yake, mwulizeni yale matatu mengine yako wapi.

Njia iliyonyooka nayo haipatikani siku zote. Mnamo tarehe 15 Aprili 2023, vita vilipozuka Khartoum, anga ya Sudan ilifungwa, na ndege za abiria zilizokuwa zikipita huko baina ya Ulaya na Afrika Mashariki zikalazimika kuzunguka. Miji haikusogea hata hatua moja. London ilibaki kilomita 6,500 hivi kutoka Entebbe kama ilivyokuwa jana yake, lakini safari ilirefuka na mafuta yakaliwa zaidi. Ramani hueleza umbali wa ardhi. Vita, ruhusa na hali ya hewa ndivyo vinavyoamua umbali wa safari.

Upepo nao una neno lake. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa ikikabiliwa na upepo wa kilomita 100, juu ya ardhi itakwenda kilomita 700 tu. Safari ya kilomita 5,600 ambayo ingemalizika kwa saa 7 itachukua saa 8. Ndiyo sababu safari ya kutoka London kwenda New York huwa ndefu kuliko ile ya kurudi, ingawa umbali ni ule ule: katika anga za kaskazini, huko juu, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Tena yafaa ikumbukwe kwamba maili ziko za aina mbili. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609, na maili ya baharini, ambayo marubani pia huitumia, ni mita 1,852. Atakayezichanganya katika safari ya maili 1,000 atakosea kwa kilomita 243, na kilomita hizo huenda zikawa ndizo zile ambazo mafuta hayakutosha.

Sasa tuje kwenye saa yenyewe, kwani hapo ndipo wengi hujikwaa. Sisi tusemao Kiswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza na tangu linapokuchwa, na hesabu hiyo inatufaa sana hapa Ikweta ambapo mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Lakini amri za kijeshi huandikwa kwa saa 24, zikianzia usiku wa manane. Amri inayosema 0600 ni saa kumi na mbili ya asubuhi, wala si saa sita. Mwenye kuipokea kwa simu na kuitafsiri kwa haraka anaweza kukifikisha kikosi chake mahali pa hatari saa sita nzima baada ya wenzake. Basi mwenye kutoa amri aseme saa na aseme wakati. Na mwenye kupokea airudie kwa sauti, aandike katika daftari, ndipo atekeleze.

Mipaka huongeza tatizo. Uganda, Kenya na Tanzania hutumia saa moja iliyo sawa. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma kwa saa moja. Sudan Kusini ilikuwa sawa na sisi hadi ilipobadili saa zake tarehe 1 Februari 2021, nayo sasa iko nyuma kwa saa moja. Kutoka Entebbe hadi Kigali ni kilomita 340 hivi, safari ya muda unaokaribia saa moja. Ndege ikiondoka Entebbe saa nne ya asubuhi hufika Kigali saa nne ile ile kwa saa za huko, kana kwamba haikutumia muda wowote. Ikirudi, saa ya ukutani itaonyesha kwamba imetumia saa mbili. Marubani waliliona tatizo hili zamani, na kwa hiyo ulimwenguni kote mipango yao huandikwa kwa saa moja tu, ile inayolingana na saa za Greenwich wakati wa baridi, ikifuatwa na herufi Z. Vikosi vya nchi mbili vinavyofanya kazi pamoja mpakani vina sababu zote za kuwaiga.

Ndugu zetu wa polisi wasione kwamba maneno haya ni ya jeshi peke yake. Katika upelelezi, hesabu ya safari yaweza kumfunga mtu au kumfungua. Tuseme shahidi anadai kwamba alimwona mshukiwa Kampala, siku ya Jumanne mwezi wa Januari, saa tatu ya usiku. Mshukiwa naye anatoa hati inayoonyesha kwamba Jumanne hiyo hiyo, saa nne na nusu ya asubuhi, alikuwa ndani ya benki mjini London. Mpelelezi asiye mwangalifu atahesabu kutoka saa nne na nusu asubuhi hadi saa tatu usiku, apate saa 10 na nusu, kisha aseme kwamba ndege ingeweza kumfikisha. Basi mtu huyu ni mwongo, na apelekwe mahabusu.

Lakini mwezi wa Januari Kampala iko mbele ya London kwa saa 3. Ilipokuwa saa nne na nusu ya asubuhi London, Kampala ilikuwa saa saba na nusu ya mchana. Kutoka hapo hadi saa tatu ya usiku ni saa 7 na nusu tu. Kilomita 6,500 kwa mwendo wa 850 zinahitaji saa 7 na dakika 39 hewani peke yake, bila kuhesabu njia ya kutoka benki hadi uwanjani, ukaguzi wa hati, kupanda, kushuka, na barabara ya kutoka Entebbe hadi Kampala. Haiwezekani. Hati ikithibitika kuwa ya kweli, basi shahidi amekosea, au anasema uongo. Na kama tukio hilo lingekuwa mwezi wa Julai, hesabu ingebadilika tena, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi, na tofauti hubaki saa 2. Mpelelezi asiyelijua jambo hilo ameshika uhuru wa mtu mkononi bila kujua uzito wake.

Basi tufanye nini? Hatusemi kila askari awe rubani. Tunasema kila kambi na kila kituo kiwe na karatasi moja ukutani, penye kuonekana, iliyoandikwa miji ambayo kazi ya kituo hicho inaigusa: umbali wake kwa kilomita, saa za kuruka kwa jeti na kwa ndege ya mapanga, saa za barabara, na tofauti ya saa baina ya huko na hapa. Karatasi hiyo ipitiwe kila mara, kwa sababu nchi hubadili saa zake na anga hufungwa. Mkuu wa zamu anapokabidhi lindo, aulize, "Ni nani anaweza kutufikia usiku huu, na kwa saa ngapi? Na sisi tukiumia, ni nani atakayetufikia, na kwa saa ngapi?" Maswali hayo mawili si mageni. Ni methali ile ile ya fimbo, iliyogeuzwa kuwa kazi.

Nchi hailindwi kwa ujasiri peke yake. Waliokufa Entebbe mwaka 1976 hawakukosa ujasiri, wala walioumia Mogadishu hawakuukosa. Ujasiri ukikosa hesabu huwa ni mtu hodari aliyesimama mahali pasipofaa kwa saa isiyofaa. Askari ajifunze kupima dunia kwa saa. Atagundua kwamba adui yu karibu kuliko alivyodhani, na kwamba msaada u mbali kuliko alivyoambiwa. Naye akiyajua hayo mawili kabla ya usiku kuingia, amekwisha fanya nusu ya ulinzi. Tahadhari kabla ya hatari.